Kanuni ya Kumi na Nne

Mwezi wa Ginbot, mvua kubwa zikikaribia hapa Addis, mkuu wa idara yetu ya mtandao, Ato Gezahegn, aliniita ofisini kwake akanisukumia karatasi ya wakaguzi juu ya meza. Walikuwa wameandika kwamba shirika letu la bima linajua kuwazuia watu wa nje wasiingie kwenye mtandao wake, ila halijui hata kidogo ni nini kinachotoka. Wafanyakazi mia mbili na kumi, ghorofa saba, na kila mtu anapeleka anachotaka, anakotaka.

"Endale, mlango wa mbele tumeweka askari, wa nyuma ng'ombe wanapita," alisema.

"Nilikwambia mwaka juzi."

"Mwaka juzi hakukuwa na wakaguzi. Funga. Funga vyote, halafu fungua vya kazi tu. Anayetaka zaidi alete barua."

"Barua?"

"Yenye muhuri. Hili ni shirika, si kibanda cha kahawa."

Kazi yenyewe si ngumu. Mashine inayolinda mtandao wetu, ambayo idarani tuliiita Ukuta, husoma orodha ya kanuni kuanzia juu kwenda chini. Kila kinachotaka kutoka hupimwa kwa kanuni ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu. Kikikuta inayokihusu, huruhusiwa au hukataliwa, na habari yake inaishia hapo. Chini kabisa unaweka kanuni ya mwisho: kataa vyote. Kisichotajwa huko juu hakitoki.

Niliipenda ile kanuni ya mwisho. Labda niseme niliiona inanifaa, maana kupenda ni neno kubwa kwa mtu nilivyokuwa wakati ule. Mke wangu, Sosina, alifariki mwezi wa Tir, miezi minne kabla ya hapo. Watu hudhani msiba ni kulia. Mimi nililia siku tatu, nikalia tena siku ya arobaini kwa sababu mapadri walikuwa wakinitazama, kisha basi. Kilichobaki kilikuwa kama shavu baada ya sindano ya daktari wa meno: unajua ni lako, lakini ukiligusa halijibu. Nilikuja kazini, nikarudi nyumbani, nikala nilichowekewa na dada yake. Aliyeniuliza habari nilimwambia nzuri, na hakuna aliyeuliza mara mbili.

Jumatatu ya mwisho ya Ginbot, saa mbili na nusu asubuhi, nilibonyeza kitufe, jengo zima likanyamaza. Baada ya dakika kumi simu ya malalamiko ikaanza kulia. Aliyekuwa akiipokea ni Bezawit, msichana wa meza ya pili, mdomo wake haujui foleni; mimi aliniita Gash, yaani kaka mkubwa, kwa heshima.

"Gash Endale, idara ya madai wanauliza kama tumekufa."

"Waambie bado."

"Mhasibu wa ghorofa ya tano anasema umemkatia marudio ya mpira mtu akiwa anakwenda kupiga penalti."

"Alete barua."

"Barua ya penalti!" Alicheka mpaka akaweka simu chini. "Unajua wamekupa jina? Waziri wa Kukataa. Ukipita kwenye ngazi wanasimama wima."

Nilimwambia jina zuri. Kwa kweli halikunigusa, si kwa ubaya wala kwa uzuri. Nikaendelea kuandika kanuni: benki ya mishahara, ruhusu. Ofisi ya kodi, ruhusu. Barua pepe, ruhusu. Kufikia mchana nilikuwa na kanuni kumi na tatu, na chini yake ile ya kukataa.

Siku hiyo hiyo baada ya chakula akaja Etiye Zenebech; Etiye ndivyo tunavyomwita kwa heshima mama mtu mzima. Huyu mama alikuwa mtunza majalada, na stoo yake iko ghorofa mbili chini ya ardhi, mahali ambapo simu ya mkononi haishiki kabisa. Kinachofika kule ni mtandao wa ofisi tu, kwa sababu miaka minne nyuma mimi mwenyewe nilimfungia kisanduku cha mawimbi juu ya kabati. Lifti ilikuwa imekufa tangu Fasika, Pasaka yetu, kwa hiyo alikuwa amepanda ngazi za ghorofa nane kwa miguu yake ya miaka hamsini na nane. Alisimama mbele ya meza yangu akihema.

"Mwanangu, kaa kwanza," aliniambia, ingawa mimi nilikuwa nimekaa na yeye ndiye aliyesimama.

Nikampa kiti.

"Binti yangu Mihret yuko Beirut, unajua. Mwaka wa tatu sasa, kwenye nyumba ya madam mmoja. Wakati wa Fasika alinipigia analia, anataka kurudi. Mimi na mdomo wangu huu nikamwambia vumilia. Nikamwambia hapa utakula nini, nani hajavumilia. Akakata simu. Tangu siku hiyo hajanipigia."

"Pole, Etiye."

"Subiri, sijafika. Juzi karudi binti wa jirani, walikuwa mtaa mmoja kule. Kaniletea maneno. Mkataba wa Mihret unaisha, madam anataka jibu mwisho Ijumaa ya Sene kumi na nne, mwezi huu unaoingia: anaweka sahihi tena miaka miwili au anakatiwa tiketi. Sasa anasema atanipigia kuanzia Jumatatu ijayo, saa nane mchana, madam akiwa amelala. Kila siku mpaka anipate, ila Jumamosi na Jumapili, nyumba hujaa wageni. Nimwambie neno moja tu, aje au abaki."

"Na utamwambia nini?"

"Aje." Alilisema haraka, kama mtu aliyekuwa amelishika mdomoni njia nzima. "Aje hata na ndala. Nilipomwambia vile nilikuwa nimechoka tu, mwanangu. Kuchoka kunasema maneno ya ajabu."

Nikamuuliza kwa nini asimpigie yeye. Akaniambia simu ya Mihret haina laini ya kule, inategemea mtandao wa nyumba ya madam, na anaificha ndani ya kopo la unga. Huitoa saa nane, huirudisha saa tisa. Ikilia saa nyingine madam ataichukua. Nikamuuliza kwa nini asitoke barabarani saa nane, anunue kifurushi, asubiri huko.

"Nilishaomba. Wamesema saa hizo ndio mawakala wanaleta na kuchukua majalada, stoo haiachwi. Lakini usiponifungulia nitatoka tu. Wakitaka kunifukuza wanifukuze, nimebakiza miaka miwili nistaafu, nitakula hewa."

"Usitoke," nilimwambia. "Leta barua. Nitakufungulia simu yako peke yake."

Ilimchukua siku nne kupata muhuri. Alipanda kwa Ato Gezahegn mara tatu. Mara ya mwisho nilikuwepo.

"Etiye, wakaguzi wakiniuliza majalada yana shughuli gani Beirut, niseme nini?"

"Sema majalada yana mama."

Ato Gezahegn alinitazama, nikatazama dirisha. Akapiga muhuri. Ilikuwa barua nzuri ya ofisi yetu, yenye namba ya kumbukumbu, jina kamili na jina la baba, aina ya simu, saa za ruhusa: kuanzia saa saba na nusu hadi saa tisa mchana. Na chini yake: *kuanzia 1/10/2016 hadi 30/10/2016*, yaani Sene mosi mpaka Sene thelathini. Mwezi wa kumi, mwaka wetu.

Nikaketi kuandika kanuni ya kumi na nne.

Kila anayefanya kazi yangu hapa Addis anaujua mtego wa saa. Mashine zimetengenezwa na watu wanaoanza kuhesabu usiku wa manane, sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza. Kijana mpya akiambiwa saa nane huandika nane, akafungua mlango watu wakiwa ndio wanaingia kazini na kuufunga kabla ya mchana. Mimi nimewacheka vijana wengi kwa kosa hilo. Kwa hiyo saa nilizigeuza vizuri: saba na nusu nikaandika kumi na tatu na nusu, tisa nikaandika kumi na tano. Nilihesabu kwa vidole, nikahesabu tena. Tarehe nikainakili kama ilivyoandikwa kwenye barua.

Mashine haikunung'unika. Ikaweka alama ya kijani mbele ya kanuni.

Zamani, kabla ya Tir, nilikuwa na desturi moja. Nikishamfungulia mtu njia, nilikwenda mpaka alipo, nikashika kifaa chake, nikajaribu mbele ya macho yake. Sosina alikuwa akinitania kwamba nimeoa ngazi za lile jengo. Siku ile stoo ilikuwa mbali. Sikuwa mgonjwa wala sikuwa na kazi nyingi. Niliona tu kwamba ni ngazi nyingi, na kwamba kijani ni kijani. Nikampigia kwa simu ya mezani.

"Etiye, iko wazi."

"Nikae hukuhuku chini?"

"Kaa hukohuko."

"Mungu akulipe, mwanangu. Mungu akuondolee hilo jiwe kifuani."

Sikujua kwamba lilikuwa linaonekana.

Jumatatu ya Sene tatu ilipita. Jumanne, karibu saa tisa, simu ya mezani ikalia, Bezawit akanipa.

"Mwanangu, ni wazi kweli?"

Niliangalia skrini. Kanuni ya kumi na nne, kijani. "Iko wazi, Etiye."

"Maana hajapiga. Jana kimya, leo kimya."

"Huenda madam hajalala."

"Huenda," alisema. "Wazee wengine usingizi unawakimbia."

Jumatano alinipandishia chakula, injera, ule mkate wetu mwembamba wa unga wa teff, na mchuzi wa nyama aliopika mwenyewe, shukrani kwa kazi yangu. Alikata tonge, akalikunja, akanitia mdomoni kwa mkono wake mbele ya ofisi nzima, na kwa kuwa kwetu husemwa tonge moja huleta ugomvi, akanitia la pili. Bezawit akapiga vigelegele. Nilitafuna. Chumvi niliisikia, pilipili niliisikia. Alinitazama nikimeza kama mtu anayehesabu, kisha akashuka ngazi, maana saa saba na nusu ilikuwa inakaribia.

Wiki iliyofuata nilikutana naye asubuhi mlangoni, mvua inanyesha, yeye akikung'uta mwavuli.

"Mwanangu, labda leo nitoke nje? Nitasimama pale kwenye duka la vitabu. Mtandao wa barabarani huenda una nguvu zaidi."

"Hauna nguvu zaidi. Utalowa bure na watakuandikia barua ya onyo. Kaa chini, iko wazi."

"Basi," alisema, akafunga kitufe cha mwavuli taratibu. "Basi bado amenikasirikia."

Nilipaswa kusema kitu. Mtu mwenye moyo unaofanya kazi angesema, ngoja nikaangalie. Mimi nilimwambia siku njema. Nilipofika mezani nilifungua orodha, nikatazama kijani, nikaifunga. Ninaiandika hii sehemu polepole kwa sababu ndiyo ninayoirudia sana kichwani. Aliniuliza mara mbili. Mara mbili nilimjibu bila kuinuka kwenye kiti.

Ijumaa ya Sene kumi na nne, jioni, nilimkuta kwenye kituo cha basi. Alikuwa ameshika simu mkononi, si kwenye mkoba, ingawa haikuwa na kifurushi na nje ya ofisi haikupokea kitu. Aliinamisha kichwa, nami nikainamisha changu.

Jumatatu iliyofuata mfungo wa Mitume ulikuwa umeanza, kahawa ya asubuhi inapita bila maziwa, kila mtu ana hasira ndogo. Ato Gezahegn aliingia akipiga makofi.

"Wakaguzi wanakuja keshokutwa. Endale, nitolee ripoti. Kila kanuni na idadi ya mara ilizotumika. Nataka waone tunajua kila kinachotoka."

Nikaitoa baada ya chakula, saa nane ikiwa imefika. Ni kitu cha dakika mbili: mashine inahesabu yenyewe. Benki ya mishahara, mara elfu kumi na moja. Ofisi ya kodi, elfu tatu na kitu. Barua pepe, namba ndefu. Nikateremka na kidole mpaka ya kumi na nne.

Sifuri.

"Mtu hajapigiwa hata mara moja," nilisema kwa sauti.

"Nani?" Bezawit akauliza.

Nilikuwa nimeona upuuzi wa nilichosema. Hata Mihret asipopiga, simu ya mama yake ikiwa imeunganishwa na njia iko wazi, inapita kila dakika kuuliza kama kuna jipya. Simu haiwezi kukaa siku kumi za kazi ikapata sifuri. Sifuri maana yake njia haikuwahi kuwepo.

Nikafungua kumbukumbu za kanuni ya mwisho, ile niliyoipenda. Nikatafuta simu ya Etiye Zenebech. Zilijaa ukurasa, zikajaa wa pili, nikaacha kushuka. Sene tatu, saa nane na dakika mbili: imekataliwa. Saa nane na dakika tatu: imekataliwa. Imekataliwa. Imekataliwa. Sene nne, vivyo hivyo. Siku aliyonitia tonge mdomoni, vivyo hivyo.

Nikarudi kwenye kanuni yangu, nikaifungua, nikasoma tarehe. Kuanzia mwezi wa kumi, mwaka 2016, hadi mwisho wa mwezi wa kumi, mwaka 2016. Kwetu ni sasa hivi. Kwa mashine, inayokwenda na kalenda ya dunia nyingine yote, ulikuwa mwaka 2024 mwezi wa sita, na 2016 ni zamani iliyokwisha kuzikwa. Nilikuwa nimemfungulia Etiye Zenebech mlango wa miaka minane iliyopita. Ile alama ya kijani ilimaanisha tu kwamba kanuni imeandikwa vizuri. Kando yake kulikuwa na saa ndogo ya kijivu, ukubwa wa punje ya teff, ya kukwambia kwamba muda wake haupo.

Saa nilizigeuza, mwaka sikuugeuza.

"Gash Endale, uko sawa?" Bezawit alikuwa amesimama. "Umekuwa mweupe."

Nikarekebisha mwaka. Kisha nikafuta na zile saa, nikaacha njia wazi kutwa nzima, kwa simu yake na ya kwangu ya kujaribia, bila barua wala muhuri, nikabonyeza, na safari hii niliinuka. Nilishuka ngazi ghorofa sita, kisha mbili za chini ya ardhi. Miguu ilikwenda yenyewe. Nilijaribu kupanga maneno, kila nilipofika kwenye ngazi ya kugeukia yalikuwa yamekwisha.

Nilipofika mlangoni nilisikia simu yake kabla sijamwona. Ilikuwa inalia ule mlio mfupi wa ujumbe, mmoja juu ya mwingine, bila kupumua. Yeye alikuwa amesimama kati ya makabati, jalada kwapani, akiitazama iliyo mezani kana kwamba ni mgeni aliyeingia bila hodi.

"Endale, njoo uone." Hakuniita mwanangu. Sauti ilimpanda. "Njoo uone, alipiga!"

"Etiye..."

"Alipiga! Hesabu. Siku ya kwanza mara tatu. Siku ya pili mara tatu. Hapa, hapa, hapa. Thelathini na moja!" Alikuwa anacheka, na machozi yanamshuka mpaka kidevuni, hayafuti. "Mtoto wangu hakunikasirikia. Nilijua. Nilisema moyoni, Zenebech, mtoto huyu hana roho hiyo. Soma, kaandika na maneno. Nisomee, mimi sioni kitu."

Alinipa simu. Sijui kwa nini sikumwambia kwanza. Labda nilitaka aendelee kucheka hata nusu dakika. Nikasoma.

*Mama, nimepiga mara tatu hupokei. Kesho tena.*

"Ndiyo," alisema. "Kesho tena."

*Mama, leo pia. Au umesahau saa? Ni saa nane.*

"Nisahau! Huyu naye!"

*Mama, madam ananiuliza kila asubuhi. Niambie chochote. Hata kama ni baki, niambie.*

Kulikuwa na nyingine nne za namna hiyo, nikazisoma zote kwa sauti yangu hii kavu, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo. Ya mwisho ilikuwa ya Ijumaa, saa tisa kasoro dakika tano.

*Nimeweka sahihi, miaka miwili. Nimekuelewa, Mama. Nitavumilia.*

Jalada lilimtoka kwapani, karatasi zikatawanyika sakafuni. Hakuna aliyeinama kuziokota.

"Miaka miwili," alisema.

"Etiye, njia haikuwa wazi. Nilikosea mwaka. Niliandika mwaka wetu kwenye mashine yao. Nimeirekebisha sasa hivi, ndiyo maana zimeingia zote kwa pamoja."

Niliona maneno yakimfika moja moja.

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Mara mbili nilikuuliza. Nikakwambia nitoke nje, nisimame kwenye mvua, ukasema kaa chini, iko wazi. Ulikuja ukaona? Ulishika simu hii?"

"Hapana."

"Usingeniambia neno, ningetoka. Wangenifukuza, lakini ningetoka. Neno lako ndilo lililoniketisha." Aliketi kwenye kiti chake, akaweka mikono mapajani. "Sosina alipokuwa amelazwa, ulikuwa unakuja huku chini kujificha, unakumbuka? Unakaa hapo kwenye ngazi ya kabati, simu mkononi, unaniambia Etiye, daktari amesema atapiga kwa mtandao, na kama ukikatika? Nikawa nakushikia. Ukienda chooni nakushikia mimi. Ulijua kungoja ni kitu gani."

"Nilijua."

"Nilikuonea huruma miezi hii yote. Nikasema mtoto wa watu ameumia, mwache. Kumbe kuumia kwako tunakulipia sisi."

Hakupaza sauti. Niliona aibu, na aibu ile iliniuma, iliniuma hasa. Ni kitu cha kwanza kuniuma tangu Tir. Nilishika ukingo wa kabati. Nilitaka kumwambia hilo, kisha nikaona kwamba ni ujinga mkubwa kumwendea mama aliyepoteza miaka miwili ya mtoto wake na habari kwamba mimi nimeanza kupona.

"Nitakwenda kwa Ato Gezahegn," nilisema. "Nitaandika kosa langu. Tutawatafuta wakala waliompeleka, labda mkataba..."

"Nenda kokote utakako. Kwanza kaa hapo." Alinionyesha kiti cha mawakala. "Shika hiyo simu. Sasa iko wazi?"

Nilifungua mdomo kusema ndiyo, nikaufunga. Nikatoa simu yangu mfukoni, nikamtumia ujumbe kwenye yake, nukta tupu. Ikalia mkononi mwangu. Nikajibu kutoka kwenye yake, yangu ikalia.

"Iko wazi."

"Andika."

Nikaweka vidole tayari.

"Andika: Mihret, mama hakukasirika. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Andika: mama alikuwa amekaa na simu kila siku, saa nane. Andika: neno la mama lilikuwa njoo. Aje hata na... hapana, hilo futa. Andika njoo, basi."

Nikafuta, nikaandika njoo.

"Andika: simu zako hazikufika kwa sababu kuna mtu aliyefunga njia, akaniambia iko wazi. Umeandika?"

"Ndiyo, Etiye."

"Sasa andika jina lake. Kamili. Mtoto wangu asikae miaka miwili kule akidhani ni mimi."

Niliandika jina langu, nikaandika na la baba yangu, nikamsomea yote mpaka mwisho. Alitikisa kichwa kukubali. Nikautuma.